Re: Picha ya babu imegandana na kioo cha fremu

Salaam ndugu. Nimekuelewa: picha ya harusi ya babu, ya studio ya Jinja, imeshikana na kioo na fundi wa fremu anataka kuibandua kwa wembe. Mkatalie! Uso wa picha nyingi za zamani una jelatini, yaani utando mwembamba unaobeba sura. Ikipata unyevu hunata, na ukivuta, sura ya bibi inabaki kwenye kioo.

Kwanza ipige picha hapohapo ikiwa ndani ya kioo. Zima fleshi, isogeze karibu na dirisha lakini jua lisiipige, kisha vaa shati jeusi usijione kwenye kioo. Mimi hivyo ndivyo nilivyookoa ya shangazi, na dukani wakanichapia nyingine. Maji usiguse kabla ya hapo.

Halafu tazama mgongoni kama kuna mhuri wa studio. Ukiupata, ulizia negativu, yaani filamu ambayo picha ilichapwa kutoka kwake, hata kwa watoto wa mpiga picha, maana huweza kudumu. Negativu za wapiga picha wa serikali ya Idi Amin, takriban 70,000, zilikaa kabatini miaka na miaka. Mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa Makumbusho ya Uganda, Kampala.

Kioo kikiwa na ufa, kitegemeze kwa kadibodi kabla ya kukisogeza.