Muulize Fundi: Diski inagoma kufomatiwa, niitupe au bado ina maisha?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nina stesheneri hapa Mwanjelwa, natoa kopi, nachapa barua za watu, na jioni naweka nyimbo kwenye flashi za madereva. Kompyuta ni desktopu ya mtumba, diski GB 500, Windows 10. Toka mvua zianze umeme unakatika katika na mi sina UPS (ile betri ya akiba ya kompyuta), ikaanza kuwaka taratibu mpaka unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi bado kale kaduara kanazunguka. Kuna kijana akanifomatia ile C, ikakaa vizuri muda kidogo ikarudi vilevile, akafomati tena, safari hii ikafika katikati ikakwama. Nimeitoa nimeichomeka kwenye laptopu ya shemeji kwa ule waya wa USB wenye adapta yake, inaonekana, ila ukifungua C inasema ifomatiwe kwanza, ukikubali inakaa weee halafu inasema imeshindwa. Na saa nyingine inatoa sauti tik tik tik. Kijana anasema tuifomati yote kwa mtindo mrefu ndo itapona. Sasa hesabu zangu zote ziko D kwenye diski hiyohiyo na sina kopi sehemu nyingine. Nifanyeje?
*Mama Stesheneri, Mwanjelwa, Mbeya*

FUNDI: Dada, kabla hujamaliza kusoma hili jibu ichomoe hiyo diski, na kijana mwambie asubiri kwanza. Sijasema ni mwongo, mtindo mrefu una kazi yake na nitakuja kwake, ila ukiufanya sa hivi na hesabu ziko D basi umezifuta kwa mkono wako mwenyewe.

Kufomati watu wanakuchukulia kama dawa ya kila ugonjwa, kompyuta nzito, fomati, virusi, fomati, inazima yenyewe, fomati. Kufomati kwa haraka, huku ambako vijana wengi wanafanya, ni kuandika upya orodha ya mafaili tu, yale mabamba yanayozunguka ndani hayaguswi kabisa isipokuwa pale inapokaa orodha. Kama bamba lina sehemu zimechoka, orodha mpya inaandikwa, Windows inawekwa, inakaa poa, siku mafaili yakiangukia kwenye zile sehemu mbovu mchezo unaanza upya. Ndo maana yako ilikaa vizuri muda kidogo ikarudi palepale.

Na umeme kukatika una mchango wake. Diski ikiwa inaandika halafu moto ukaondoka ghafla, kipande kinaweza kubaki kimeandikwa nusu, ukikisoma hesabu zake za kujihakiki hazilingani, diski inarudia kusoma mara nyingi, hapo ndo kaduara kanazunguka. Kipande cha hivyo hakijafa, kinaitwa tu kibovu mpaka kiandikwe upya. Tofauti na kipande ambacho bamba lenyewe limekwaruzwa. Kwa nje dalili zinafanana kabisa, kwa hiyo usikubali mtu akuhukumie kwa kuangalia tu.

Tuanze na ile tik tik. Inaweza kuwa kichwa cha kusomea kinatafuta njia na hakiipati, na hiyo ni habari mbaya. Lakini pia inaweza kuwa njaa ya umeme! Diski ya desktopu, zile kubwa za inchi 3.5, inataka volti 12 na USB haitoi volti 12, ndo maana waya wako una adapta yake ya ukutani. Adapta hizi nyingi zimechoka, diski inajaribu kuzunguka inashindwa inajaribu tena, tik tik. Azima adapta nyingine nzima, au ichomeke kwenye desktopu nyingine unayoiamini, uisikilize. Ikinyamaza na kuonekana fresh, shukuru. Ikiendelea kugonga hata kwenye umeme mzuri, izime, usiwashe washe kujaribu bahati maana kila ukiwasha kichwa kinaweza kuzidi kukwaruza bamba, na hesabu kama zina thamani kweli hapo zinaenda kwa wataalam wa kuokoa data, ambao hawafanyi kazi ya bei rahisi, nakwambia mapema. Kuna watu watakwambia uiweke kwenye friza au waifungue hapo dukani waone. Kataa. Kichwa kinaelea juu ya bamba kwa umbali wa nanomita chache tu, punje moja ya vumbi la Mwanjelwa ni jabali.

Haya, tuseme imenyamaza. Bado hatufomati, na wala usiendeshe ile amri ya Windows ya kukagua diski, chkdsk yenye /r, ambayo watu wanapenda kuiendesha wakiona diski ina shida, ile inaenda kuikamua diski yote na kurekebisha orodha ukiwa bado hujatoa vitu vyako. Kwanza toa D. Kama inafunguka, kopi folda ya hesabu kwanza, muvi zisubiri. Kama inafunguka kwa kusuasua, mtafute mtu anayejua Linux kidogo (mfumo mwingine wa kompyuta, kama Windows), mwambie ddrescue, ni programu ya bure, inakopi kwanza sehemu zote zinazosomeka bila kubishana na zile ngumu, halafu ndo inarudi kwenye ngumu. Ukiitengenezea faili la kumbukumbu, umeme ukikatika katikati unaendelea pale ulipoishia. Kwa hali yetu ya masika huku, hiyo peke yake inatosha kuipenda.

Ukishakuwa na hesabu zako mahali pengine, na umefungua mafaili mawili matatu ukaona yanasomeka kweli, ndo tupime. Weka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kuonyesha afya ya diski. Usiishie kwenye rangi ya bluu au njano, shuka chini uangalie namba za mwisho kulia kwenye mistari hii: 05 ni vipande ambavyo diski imeshavikataa ikaweka vya akiba, C5 ni vipande vinavyosubiri kuhukumiwa, C6 ni vile vilivyoshindikana kusomeka. Kuna na C7, huo watu wanauruka na wanatupa diski nzima bure, C7 ikiwa inapanda wakati nyingine zote ni sifuri tatizo mara nyingi ni waya wa data, badilisha waya.

Sasa kama 05 ni sifuri au ndogo na C5 ina namba, hapo ndo kijana wako ana hoja. Kile kipande kinachosubiri, diski haiwezi kukihukumu mpaka iandike juu yake, ikiandika ikakubali kinatoka kwenye orodha, ikikataa inachukua cha akiba na 05 inapanda. Kwa hiyo kuandika sifuri diski nzima, ambayo ndo kazi ya ule mtindo mrefu, ni kuilazimisha iamue.

Chomoa flashi na diski nyingine zote za nje ibaki hiyo tu. Fungua ile skrini nyeusi ya kamandi kwa ruhusa ya msimamizi, andika diskpart (ni kifaa cha Windows cha kupanga na kufuta diski), halafu list disk. Angalia ukubwa, usiangalie namba peke yake, yako itaonyesha kama GB 465 hivi. Andika select disk 1, au namba yoyote ambayo ndo yake, halafu list disk tena uone kale kanyota kamekaa pembeni ya ipi. Hapa ndo watu wanalia. Ile diski yenye Windows inayotumika sa hivi diskpart inagoma kuifuta, ila kanyota kakiwa kwenye diski nyingine yoyote ya shemeji unaenda kufuta vitu vya shemeji na hakuna swali la je una uhakika, ukibonyeza enta imeenda. Ukishajiridhisha andika clean all. Clean peke yake inafuta jedwali la partishoni tu (partishoni ni vile vyumba vya diski kama C na D), inasaidia kama diski ina partishoni za ajabu ajabu zinazogoma kufutika, ila hii kazi ya leo inahitaji yenye all.

Itakaa kimya. Haionyeshi asilimia wala nini, usidhani imekwama. Kwa USB 3 diski ya GB 500 ni kama saa moja na nusu mpaka mbili, kwa USB 2 panga saa nne mpaka tano, diski iliyochoka zaidi ya hapo. Umeme ukikatika hakuna kilichoharibika, unaanza tena tu.

Ikimaliza rudi CrystalDiskInfo. C5 imerudi sifuri, 05 haijapanda au imepanda kidogo ikatulia, itumie, ila kwa nyimbo za madereva, hesabu usirudishe humo peke yake. Kama clean all imeshindwa katikati au 05 inazidi kupanda kila ukipima, diski imekwisha, hakuna kufomati kutakakoiponya. Kama unaenda kuweka Windows humo usihangaike kuunda partishoni, iache tupu, Windows yenyewe inaunda wakati wa kuwekwa. Kama ni ya kutunzia vitu tu, palepale kwenye diskpart andika create partition primary, kisha format fs=ntfs quick, kisha assign. Hapo mtindo wa haraka unatosha maana ule mrefu umeshaufanya.

Maoni yangu hukuyaomba ila nayatoa: kwa desktopu ya kazi weka SSD (diski isiyo na mabamba yanayozunguka) hata ya GB 240, na pesa inayobaki nunua UPS ndogo. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama unaweka upya ulizia kwanza kama mashine yako inabeba 11, za mtumba nyingi hazibebi.

SWALI: Kamwene fundi! Nauza laptopu yangu, ina SSD, ina matokeo ya wanafunzi na barua za ofisi. Nimeshaifomati. Mwenzangu anasema kufomati haitoshi, mwingine anasema lazima ifutwe mara 35. Nani mkweli?
*Mwalimu, Kihesa, Iringa*

FUNDI: Kamwene mwalimu. Wa kwanza mkweli. Kwenye diski za zamani ukifomati kwa haraka mtu mwenye PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, nayo ni ya bure, anavuta picha na barua zako huku anakunywa chai. Habari ya mara 35 inatoka kwenye andiko la mtaalam mmoja, Peter Gutmann, la mwaka 1996, na alikuwa anazungumzia diski za teknolojia mbalimbali za enzi hizo. Kwa diski za mabamba za leo kuandika juu mara moja kunatosha.

SSD ni kitu kingine. Yenyewe inahamisha hamisha data ndani ili isichoke upande mmoja, kwa hiyo ukiandika sifuri juu yake kuna vipande hautavifikia na unazidi kuila maisha bure. Tumia amri ya kufuta ya SSD yenyewe, ipo kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza au kwenye BIOS (ile menyu ya kabla Windows haijawaka) ya laptopu nyingi. Ukikosa, ingia mipangilio ya Windows, chagua kurudisha kompyuta upya, ondoa kila kitu, na ndani yake kuna chaguo la kusafisha diski, liwashe. Na utoke kwenye akaunti yako kabla.

Matokeo ya watoto si mali yako kuyaachia tu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

SWALI: Nimenunua diski ya TB 1 mpya, inaonyesha 931. Nimefomati mara nyingi hizo 69 hazirudi. Nimepigwa?
*Makambako*

FUNDI: Hujapigwa. Kiwandani wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024. Acha kufomati.

SWALI: Mi nina flashi ya TB 1 nimeuziwa stendi bei ya kutupwa. Nikiweka video za harusi za wateja, za mwanzo zinacheza, za mbele zinakataa. Nafomati, zinarudi kukataa.
*Mpiga picha, Tukuyu*

FUNDI: Wewe sasa ndo umepigwa. Hiyo inawezekana kabisa ni GB 32 au hata chini, imechezewa ndani ijitangaze TB 1, ikijaa inaandika juu ya vitu vya zamani au inatupa. Kufomati hakugusi ule uongo. Ipime kwa H2testw, inaijaza yote halafu inasoma ilichoandika, itakwambia ukubwa wa kweli. Inachukua muda mrefu, iache usiku. Ukijua ukubwa wa kweli unaweza kuiundia partishoni ndogo isiyozidi hapo ukawekea nyimbo, ila harusi ya mtu usiiweke humo, na zile ulizoweka ambazo bado hujafuta kwenye kadi ya kamera zikopi leo kabla kadi haijatumika tena.