Barua kwa mwanangu: Juni na wajukuu

Mwanangu,

Huku hatujambo, jua tu ndilo limezidi. Umeniuliza kama shule zikifungwa Juni niwapeleke wajukuu Kolo, kule Kondoa, wakaone michoro ya kale ya miambani, wapate cha kumkumbukia bibi yao. Kolo pazuri, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Ila ni kama kilomita 180 kutoka hapa Dodoma mjini. Ukifika unapita kwanza ofisini kijijini kuchukua kibali na mwongozaji, ndipo mnaanza kupanda mawe. Neema atapanda. Mdogo wake atataka kubebwa, na mgongo wangu unaujua.

Mimi msimamo wangu unaufahamu: mtoto hakumbuki alichoonyeshwa, anakumbuka alichofanya kwa mikono yake. Kiangazi hicho mabuyu yamekauka. Waokote wenyewe, wayasugue kwa gunia kuukuu maana vile vimanyoya vya ganda vinawasha, wayapasue juu ya jiwe, wachambue zile nyuzi nyekundu. Asubuhi nzima imekwisha hapo, na hakuna aliyeuliza simu iko wapi.

Kisha wapike. Ubuyu nusu kilo, sukari robo, maji kikombe kimoja cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, hiliki ya kutwanga, pilipili ya unga kidogo sana kwa ajili ya yule mdogo. Sukari na maji vichemke mpaka shira ivute uzi ukiinua mwiko. Hapo punguza moto, mimina ubuyu, geuza upesi, epua, tandaza kwenye sinia. Shira ikiwa nyepesi, unga wote unayeyuka na mbegu zinabaki uchi. Ukichelewa kuepua, sukari inaganda na unapata bonge moja la kuvunja kwa mchi. Kugeuza wageuze wao, ila kumimina shira ni kazi ya mtu mzima, ile inaunguza kuliko maji ya moto.

Unakumbuka Mpwapwa? Marehemu bibi yako alikuachia mwiko, baba yako akapiga kelele kwamba utaungua, na bibi hata hakugeuka. Ukamwaga ubuyu shira ikiwa bado maji. Ukawa uji. Bibi akauongeza maji, akauchuja, akawagawia wote kwenye vikombe na kutangaza kwamba leo mgeni wetu katutengenezea juisi. Ulivyotembea kifua mbele siku ile! Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Sasa utaniambia kaka yako naye bado analitaja lile gari la plastiki alilonunuliwa siku zile zile. Kweli, analitaja. Labda zawadi nazo zina kazi yake. Lakini si alilifungua skrubu zote likashindwa kurudi? Ni mikono tena hiyo.

Kuhusu Kolo sitaki kuamua, watoto ni wenu, nauli ni yenu. Ningeulizwa mimi… basi, nanyamaza. Neema akifika darasa la sita twende, atakuwa na maswali ya kumuuliza mwongozaji.

Ukiwaleta, wape nguo za kuchafuka, si zile nyeupe za Pasaka. Na ulete sinia pana, langu limetoboka.

Mama yako