Bosi yuko Berlin, mimi niko Kimara

Mtu akisikia nafanya kazi na kampuni ya nje na sitoki Kimara, hapa Dar, kwenda popote, cha kwanza anauliza ni hela, cha pili "basi na mimi niunganishe". Cha tatu hakuna anayeuliza, na ndo hicho nataka kukiongelea leo: ukishaipata hiyo kazi unadumu nayo vipi? Manake kuingia watu wanaingia, nimewaona, na miezi michache baadaye wako nje, na siyo kwamba kazi iliwashinda au Kiingereza kiligoma. Wengi wanaondolewa na ukimya.

Kwanza mnielewe ninachofanya. Niko saporti, yaani nasaidia wateja wakikwama, ya programu ya kuwekea nafasi za vyumba, wateja wetu ni mahoteli na nyumba za wageni, wengi wako Ulaya. Bosi yuko Berlin, wawili wako Manila, mmoja Toronto, dada mmoja Nairobi, na mimi huku. Ofisi hakuna. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumshika mkono.

Sasa faida ambayo watu wengi hawaijui na wala hawaisemi kwenye intavyuu ni saa zetu. Afrika Mashariki tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, mwaka mzima, hatusogezi saa mbele na nyuma kufuata majira. Nikifungua laptopu saa mbili asubuhi Manila ni saa saba mchana, wako katikati ya siku yao, tunamalizana nao. Ikifika saa tisa alasiri huku, Toronto ndo saa mbili asubuhi kipindi chao cha kiangazi, wanaingia kazini. Manila na Toronto wenyewe kwa wenyewe wanapishana usiku na mchana, mmoja asipokesha hawakutani kabisa, sisi hapa katikati tunakutana na wote bila kukesha. Hiyo ni mali. Ukiwa kwenye intavyuu usisubiri mtu aulize, mchoree mwenyewe: asubuhi napokea kazi kutoka Asia, jioni naikabidhi Amerika, Ulaya niko nao siku nzima.

Ila wenzetu wanasogeza saa na hawasogezi siku moja. Kanada na Marekani wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu hapo katikati kila kitu kiko shaghalabaghala, na mwezi wa kumi na kumi na moja inajirudia kwa wiki moja. Kila mwaka lazima kuna mtu ataingia kwenye mitingi akae peke yake anajiangalia kwenye kamera. Mimi mwaliko wa mdomo siupokei, aweke kwenye kalenda simu ifanye hesabu. Na yule dada wa Nairobi tunaongea Kiswahili kutwa, lakini saa tunaandikiana kwa tarakimu, 15:00, basi, hatujaribu kuelewana kwa namna nyingine.

Turudi kwenye ukimya. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema unaitikia, kama hujaelewa utajua mbele ya safari, utamuuliza mwenzako pembeni. Kwenye ofisi za mjini kule Posta hiyo inafanya kazi kwa sababu bosi anapita anakuona umekunja uso, anajua huyu kakwama. Mtu wa Berlin haoni uso wako. Anachokiona ni maandishi tu, na kama hujaandika kitu tangu asubuhi kwake ni kwamba hakuna kinachofanyika, hata kama jasho linakutoka. Na wenyewe hawaoni aibu kuuliza, yule kijana wa Toronto anauliza vitu ambavyo mimi ningesema hapana hili nitaonekana mjinga, na hakuna anayemcheka, anajibiwa na kazi inaendelea.

Halafu wanaandika kwa ukavu. Bosi wangu anaweza kukutumia "Hii haitoshi, rudia" bila salamu, bila pole na kazi, bila chochote, na nusu saa baadaye anakutania kuhusu mpira. Mwanzoni nilikuwa nashinda siku nzima natafuta nimemkosea nini. Hamna. Kazi ilikuwa haitoshi, ndo hivyo tu. Kwa upande mwingine, usimtumie mtu salamu peke yake ukasubiri aitikie ndo useme shida yako, kama tunavyofanya kwenye WhatsApp, ukianza na habari za asubuhi ukanyamaza yeye ataijibu akishaamka, saa sita baadaye, wewe utaiona umeshatoka, siku mbili zimeisha hamjasalimiana vizuri. Salamu na shida viende kwenye meseji moja.

Kitu kilichonisaidia kuliko kozi yoyote ni namna ya kuandika makabidhiano ya mwisho wa shifti. Wengi walio wapya kazini wanaandika hivi: "Mteja wa Lisbon ana tatizo la risiti, nimewasiliana naye." Hii haina kitu, anayepokea anaanza upya na mteja anaulizwa maswali yaleyale mara ya pili, anakasirika. Yangu inakuwa hivi: "Mteja wa Lisbon, risiti zinatoka mara mbili kwa mgeni anayelipa nusunusu. Nimezima na kuwasha mpangilio wa kodi, haijasaidia. Nimejaribu kwenye akaunti yetu ya majaribio, tatizo linatokea, picha iko chini. Sijagusa mpangilio wa printa. Nimemwahidi jibu kabla ya saa 18:00 ya kwake." Angalia hapo nilichokiandika cha maana zaidi ni ambacho SIJAGUSA na nilichoahidi. Mwenzangu wa Toronto anaendelea nilipoishia, hana haja ya kunitafuta saa nne usiku nikiwa nalaza mtoto. Watu wanalalamika wanapigiwa usiku na timu ya nje, mara nyingi ukiangalia ni makabidhiano mabovu.

Umeme na intaneti. Hapa kila mtu ana mbinu zake, mimi nina kajiUPS kadogo, kabetri ka akiba, ka rauta, laptopu yenye betri inayokaa, na simu yenye laini mbili za mitandao tofauti. Kwa kukatika kwa kawaida inatosha, na unit za LUKU nanunua kabla hazijaanza kupiga kelele. Lakini Mei 12, 2024 ilipotokea hitilafu ya zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom kule karibu na Afrika Kusini, laini mbili hazikuwa na maana yoyote, mitandao karibu yote inategemea nyaya zilezile chini ya bahari. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima ikakaa siku kadhaa, hapo ndo hata uwe na laini kumi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: wakati mambo yako sawa kabisa, andika kwa timu nini kitatokea ukipotea. Mimi bosi ana namba yangu ya simu ya kawaida, mimi ninayo ya yule dada wa Nairobi, na tumeshakubaliana nisipoonekana saa mbili nzima tiketi zangu, yaani shida za wateja nilizopewa, zinaenda kwa nani. Ile Mei nilimpigia yule dada simu ya kawaida, dakika moja, ikaisha. Wenzangu wengine ninaowajua walikuja kueleza baada ya intaneti kurudi, na maelezo ya baada ya tukio hata yawe ya kweli namna gani yanasikika kama kisingizio, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuishi sehemu ambayo nchi nzima inaweza kukosa mtandao.

Na VPN. Kampuni nyingi za nje mifumo yao huingii bila VPN, ile programu inayokupitisha njia ya siri kwenye intaneti, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia wajisajili. Malizana na hilo siku za mwanzo, omba kampuni ikuandikie barua.

Nyumbani sasa. Hii wanaume wengi hawaisemi ila kwa sisi wanawake ndo robo tatu ya ugumu. Mama mkwe alikuja kukaa kwetu, siku ya pili akamwuliza mume wangu pembeni, hivi mwenzio huyo anayeshinda chumbani anaongea na wazungu, kazi ataanza lini? Hakuwa na ubaya, kwake kazi ni kuvaa na kutoka. Na ukiwa nyumbani kila mtu ana kazi ya kukupa: pokea gesi, fundi anakuja msimamie, mtoto wa jirani amerudi mapema kutoka shule, si upo tu. Nilichofanya nilimkaribisha mama akae pembeni kwenye mitingi moja, nikawaomba wenzangu ruhusa, wakampungia mkono, dada wa Nairobi akamwamkia "shikamoo mama" na wale wawili wa Manila wakaigiza, shikamoo imepinda lakini mama alifurahi jamani. Tangu siku hiyo yeye ndo anawafukuza watu: "Mwacheni yuko kazini." Jogoo wa jirani hajawahi kuelewa, kwa huyo jifunze kubonyeza myuti haraka.

Faida ya kuwa nyumbani siidharau. Kutoka Kimara kwenda mjini na kurudi, hata na mwendokasi, ni saa kadhaa za maisha yako kila siku, mtoto unamwacha amelala unamkuta amelala. Mimi mwanangu nimemwona anatembea. Hiyo peke yake ningeikubali hata kwa mshahara mdogo kidogo, ila usiwaambie.

Upande wa likizo uwe mwangalifu. Sikukuu zetu hawazijui, Muungano, Saba Saba, Nane Nane, weka zote kwenye kalenda ya pamoja mwezi wa kwanza. Idi nayo unamwambia bosi mapema ntakuwa off Jumatano au Alhamisi, inategemea mwezi utakavyoandama, na yeye anataka tarehe, unamweleza hata mimi sina, tutajua usiku wa kuamkia. Sa hivi ameshazoea na anapanga shifti kwa siku zote mbili. Kigumu kweli ni msiba. Alipofariki baba yangu mdogo, yule aliyenisomesha, nikakuta sera ya kampuni inatoa siku za msiba kwa mzazi, mwenza na mtoto, ndugu wa baba hayumo. Nikaandika aya moja tu, nikaeleza huyu kwetu ni nani na kwamba mazishi ni Songea, safari peke yake inakula siku nzima kwenda na nyingine kurudi. Wakanipa, tena bila maneno. Lakini hapo hapo niliona pengo ambalo hakuna sera italiziba, ofisi ya kawaida wenzako wangechanga, wangekodi hata Coaster waje wakae na wewe turubaini, hawa wamekutumia vialama vya maua kwenye Slack, programu yetu ya kuandikiana kazini. Wana nia njema, ila haitoshi, na ndo maana nasema usiache kikundi chako cha kanisani, msikitini, vikoba, chochote ulichonacho, kwa sababu eti kazi yako sasa ni ya kimataifa. Wakati wa shida mtu wa Toronto hatakuja kukupikia wali.

Hela nisiizungumzie sana, ila vitu vichache. Kampuni nyingi zinalipa kwa kuangalia unaishi wapi, kwa hiyo mwenzako wa Berlin anayefunga tiketi sawa na zako anaweza kuwa anapata mara mbili tatu zaidi. Inauma. Mimi nimeamua kupigania mkataba mzuri kuliko kulinganisha, wewe unaweza kuamua vingine. Ukilipwa kwa benki kupitia SWIFT, mfumo wa benki kutumiana hela za nje, benki za katikati zinakata njiani, omba mtumaji achague OUR ili makato yote abebe yeye. Na dola nayo siyo baba yako, mwishoni mwa 2024 ilitoka kwenye 2,700 hivi ikashuka mpaka 2,400 hivi ndani ya wiki chache tu, kwenye kila dola 1,000 laki tatu zimeyeyuka na kodi ya nyumba iko palepale. Mimi bajeti ya nyumbani naipiga kwa bei ya chini, ikizidi ni bonasi.

Wengi wetu tunasainishwa kama kontrakta, manake hakuna anayekukatia PAYE (kodi ya mshahara), hakuna NSSF ya uzeeni, hakuna bima. TRA, watu wa kodi, wanakuhusu wewe mwenyewe, kipato cha nje cha mkazi wa Tanzania nacho kinahesabika, kwa hiyo tafuta mhasibu mapema. NSSF wanapokea wanachama wa hiari, nenda kajiandikishe. Na kabla ya kusaini tafuta kipengele cha notisi. Kuna mtu ninayemfahamu aliamka asubuhi pasiwedi haikubali, ndo ilikuwa barua yake ya kuachishwa, hakuna hata mtu wa kumpigia. Kama hakuna notisi kwenye mkataba omba siku 30, andika imeli yenye mistari miwili, wengi wanakubali kirahisi. Ukiona wanazungukazunguka kwenye hilo, ajira uliyonayo usiiandikie barua ya kuacha mpaka malipo mawili matatu ya hao jamaa yawe yameshaingia benki.