Anza na msahafu wa bibi, shajara itafuata

Msomaji mmoja wa Micheweni, Pemba, ameniandikia kwamba anatafuta jina la mama aliyemzaa bibi yake. Wazee wanamsomea nasaba, bin fulani bin fulani, mpaka wanavuka bahari, na mwanamke hamo hata mmoja. Najua uchungu wake.

Kwetu Wete, ami yangu ndiye mshika shajara ya ukoo, yaani maandishi ya nasaba. Alishikilia kuwa babu hakuwa na dada. Mimi nikasema alikuwa naye, maana bibi akimtaja. Nikajibiwa mbele ya watu kuwa nasaba si mambo ya wanawake. Neno lile lingali linaniuma.

Shangazi akanitolea sandukuni msahafu wa zamani, chapa ya Bombay. Kwenye kurasa tupu za mwisho, baba yake babu ameandika kila mtoto aliyezaliwa nyumbani kwake, wa kike kwa wa kiume, hata waliofariki wachanga. Na dada yumo! Usiku wa Ijumaa, Shaaban 1331, yaani kipupwe cha 1913. Wajukuu zake wako mji wa Mkoani. Miaka yote tukikutana nao harusini na kupeana mikono kama wageni. Idi hii wamekula kwetu, na ami alikuwepo.

Basi fanyeni hivi. Tazama kwanza mwaka wa chapa. Tarehe zilizoutangulia zilinakiliwa kutoka kwingine au ziliandikwa kwa kukumbuka, kwa hiyo zipimwe. Ukiona majina yote yana wino mmoja na mkono mmoja, huenda yaliandikwa siku moja. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua. Wengi hukosea hapo siku nzima. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo usitoe hesabu moja ukaitumia kwa miaka yote. Herufi za Kiarabu hazina p wala ch, basi Pemba huweza kuandikwa kwa be na Chausiku kwa shini. Soma kwa sauti, Kiswahili kitajitokeza. Piga picha dirishani, mwanga utokee ubavuni, wala usibandike selotepu kwenye karatasi iliyochakaa.

Dada zangu, msikubali kuambiwa haya hayatuhusu. Anayesoma bin peke yake anasoma nusu ya ukoo. Ombeni kwa adabu, shikeni udhu, lakini ombeni, na mkinyimwa rudini tena. Wazee wanaondoka na masanduku yanaliwa na mchwa.

Nawe wa Micheweni, nenda kwa ndugu wa kike wa bibi yako kabla ya kwa wanaume. Usiulizie msahafu tu. Wako wazee walioona si adabu kuandika mambo yao ndani yake, wakaandika kwenye kitabu cha maulidi au cha dua, au kwenye karatasi iliyokunjwa na kutiwa katikati ya juzuu.