Ku-ro ni neno la lugha gani?

Swali: Mwalimu, nauza maharagwe soko la Kadutu, Bukavu. Mwanangu anasema Linear A, maandishi ya kale ya Krete, ni ya Kisemiti, jamii ya lugha kama Kiarabu na Kiebrania. Ni kweli?

Jibu: Mama, fungua daftari lako la madeni. Chini ya majina na hesabu unaandika "jumla". Kwenye vibao vya udongo vya Linear A, mahali hapo pameandikwa ku-ro. Sauti hizo tumeziazima kutoka Linear B, maandishi mengine ya kale yanayofanana nayo, ambayo Michael Ventris aliitambua mwaka 1952 kuwa Kigiriki. Mtaalamu wa lugha za kale Cyrus Gordon aliona katika ku-ro neno la Kisemiti kull, "yote", lililotupa "kila" yetu. Wazo hilo linanivutia sana! Lakini neno moja halitoshi. Wengine wanaelekea Kiluvi, lugha ya kale ya Anatolia (Uturuki ya leo). Mimi bado sijaridhika na upande wowote.