Mama ameitwa kwenye utafiti wa dawa ya saratani: twende na nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya titi iliyofika kwenye ini. Kliniki yake Dar es Salaam wamempa tarehe ya kupimwa kama anafaa kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya. Tubebe nini? Na je, si watamfanya panya wa maabara?
Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzeni na kinyama, yaani kile kipande cha uvimbe alichokatwa ili kipimwe. Wengi hufika na karatasi ya majibu tu, kumbe watafiti mara nyingi wanataka kipande chenyewe kilichogandishwa kwenye nta, wapime upya vipokezi vya homoni na HER2, alama za kwenye seli za saratani zinazosaidia kuchagua dawa. Kiko maabara ya hospitali alikokatwa. Omba barua ya daktari, ukifuate mapema, na uhakikishe namba iliyo kwenye kipande ni ileile ya kwenye majibu. Zikipishana, hakitapokelewa.

Kisha andika dawa zote: jina, dozi, tarehe ya kuanza na ya mwisho, na kwa nini aliachishwa. Tarehe ya kemo (tiba ya kemikali) ya mwisho ina uzito, maana tafiti nyingi hutaka zipite wiki 3 au zaidi. Weka na za presha, sukari, ARV, na mitishamba. Hapo ndipo familia huficha. Vimeng'enya vya ini vikipanda, hakuna atakayejua kama ni saratani, dawa mpya au ile chupa ya mizizi ya jirani. Nendeni nayo.

CT-scan msilipie mpya kabla ya kuuliza. Tafiti nyingi hutaka picha isiyozidi siku 28 kabla ya dozi ya kwanza, na mara nyingine utafiti hulipia yake. Ya zamani ibebeni na CD, si ripoti peke yake.

Kuhusu panya: uliza utafiti uko awamu ya ngapi. Awamu ya 1 hutafuta dozi salama. Awamu ya 3 hulinganisha dawa mpya na tiba ya kawaida, na kompyuta ndiyo hupanga nani apate ipi, si daktari. Palipo na tiba inayofanya kazi, ni nadra sana mgonjwa wa saratani kupewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, peke yake.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, muende nayo nyumbani, asisaini siku hiyohiyo. Kama hasomi, asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, ndipo aweke dole gumba. Tafuteni humo kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), nani atagharimia matibabu akidhurika, na nauli: mahudhurio ya mwanzo huweza kuwa kila wiki, na Morogoro si jirani. Anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida, ila aage. Zipo dawa zinazotaka vipimo baada ya kuachwa.

Msiondoke bila namba ya simu inayopokelewa usiku. Joto likifika 38, pigeni kwanza, Panadol baadaye.