Kimeta na ndigana kali usizichanje siku moja

Ratiba ya chanjo mliyoinakili chuoni ni sahihi, uwe umesomea LITA, yaani vyuo vya mifugo vya serikali, Tengeru, Mpwapwa au Buhuri. Ina safu ya ugonjwa, safu ya umri na safu ya marudio. Jedwali lile halikuonyeshi chanjo ipi haipatani na ipi, na hapo ndipo maafisa mifugo wengi wanaopangiwa kata kwa mara ya kwanza hupoteza kazi ya kutwa nzima bila kujua. Mfugaji amekusanya ng'ombe, wamepangwa kwenye kibanio, vijana wa kuwashika wapo. Anakwambia, "Daktari, zimalize zote leo leo." Ana haki ya kuomba hivyo, maana mifugo ilikuwa malisho ya mbali na kuirudisha tena bomani ni shughuli. Hata hivyo, usikubali.

Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inafanya kazi kwa njia ya kuambukiza na kutibu kwa pamoja. Unampa ng'ombe vimelea hai vya ugonjwa, na dakika hiyohiyo unamchoma oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kukaa muda mrefu mwilini, ili vimelea visimzidi nguvu. Sasa chanjo ya kimeta ni spora hai, yaani mbegu ngumu za bakteria, waliopunguzwa makali. Ile ya homa ya mapafu ya ng'ombe, inayoitwa T1/44, nayo ni hai. Dawa uliyomchoma kwa ajili ya ndigana itaziua zote mbili kabla mwili haujapata cha kujifunza. Utakuwa umechoma sindano nyingi na kumkinga na ugonjwa mmoja tu. Mfugaji ataamini ng'ombe wake wamekingwa, na kimeta kikiingia mwaka huo, kijiji kizima hakitakusikiliza tena, na kitakuwa na sababu. Mimi huanza na kimeta na chambavu, ugonjwa wa bakteria unaooza misuli, nakaa kama mwezi, ndipo naleta mtungi wa chanjo ya ndigana. Na kabla ya kimeta nauliza kwanza: kuna ng'ombe aliyechomwa dawa wiki hii? Wafugaji wetu wengi wanachoma oksitetrasaiklini wenyewe, tena hawaoni sababu ya kukwambia usipowauliza.

Kuhusu ndigana yenyewe nitakaa kidogo, maana ndiyo inayomaliza ndama wetu. Chanjo hii ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Ni mchanganyiko wa vimelea vya aina tatu, mojawapo ikiwa na asili ya nyati wa Serengeti. Inatunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja wa chanjo ukishayeyushwa una dozi za ng'ombe wengi na haurudi mtungini, na mchanganyiko wake unakaa kwenye barafu na kutumika ndani ya saa chache. Kwa hiyo panga boma tatu nne zinazokaribiana zikutane asubuhi moja. Ukimfuata mfugaji mwenye ndama watano peke yake, chanjo nyingi inamwagika na yeye ndiye anayeilipia.

Kazi inaharibikia kwenye uzito. Dozi ya kimelea ni mililita moja kwa kila mnyama, chini ya ngozi karibu na sikio, awe ndama wa mwezi mmoja au fahali. Lakini oksitetrasaiklini ya asilimia 30 ni mililita moja kwa kila kilo 10. Ndama wa kilo 80 ukimkadiria kwa macho kuwa ana 50, umempa mililita 5 badala ya 8, na umemwachia ugonjwa kamili. Zungusha utepe wa kupimia kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, usome kilo, ndipo uvute dawa kwenye bomba. Ndama akikataa kusimama, subiri asimame. Kisha rudi bomani kati ya siku ya kumi na ya ishirini na moja. Shika matezi ya chini ya sikio na ya mbele ya bega, pima joto. Matezi kuvimba kidogo si neno, lakini homa isiyoshuka inataka buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana, mapema. Akishapona amekingwa na ndigana kali kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yake yote, na hereni ya sikioni unayomvika kuonyesha amechanjwa inamwongezea bei mnadani. Josho lisiachwe, kwa sababu magonjwa mengine ya ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo bado yanaletwa na kupe.

Chanjo nyingine zipange kwa kuangalia msimu wa mvua. Chambavu huua ndama wa miezi sita hadi miaka miwili, tena wale walionona, hivyo wachanje majani mabichi hayajaota. Chanjo ya kimeta ni kila mwaka, na mzoga unaotoka damu isiyoganda puani usipasuliwe hata kama wenye nyama wanalia, kwa sababu spora zitakaa kwenye udongo huo kwa miongo. Homa ya mapafu nayo ni kila mwaka. Hiyo imo kwenye kampeni ya kitaifa ya chanjo za ruzuku iliyozinduliwa Bariadi, Simiyu, Juni 2025, basi panga ratiba yako ukijua timu ya kampeni itapita lini.

Ugonjwa wa miguu na midomo ni habari nyingine. Virusi vyake viko vya aina kadhaa, kwetu hasa O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo ya aina moja haizuii nyingine. Kinga yake ni ya miezi tu, wengi hurudia kila baada ya miezi sita. Chanjo hii haitaki joto wala kuganda. Barafu ifunge kwa magazeti ndani ya deli, sanduku la ubaridi, chupa zisigusane nayo, na kipimajoto kisome kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyoganda itupe, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima.

Bomba na sindano za chanjo hai zichemshwe, ziachwe zipoe. Usizioshe kwa spiriti wala dawa ya kuua vijidudu, maana masalio yake yanaua chanjo pia.

Mlioko Ngorongoro na Loliondo mtakuta ugonjwa wa nyumbu, ambao ng'ombe huupata kutoka kwa nyumbu na ambao chanjo yake haimo kwenye deli lako. Hapo kinga ni malisho: nyumbu wanapozaa, kuanzia Januari hadi Machi, Wamaasai huhamisha ng'ombe mbali na ndama wa nyumbu. Wasikilize wazee wanapotaja siku ya kuhama, na usipange chanjo itakayowazuia.

Mwisho ni chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba, S19. Ni kwa mitamba wa miezi mitatu hadi minane peke yao, madume hapana, wenye mimba hapana kabisa. Vaa glavu na miwani. Ukijichoma sindano au ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na beba chupa tupu ili daktari aone ni nini kimeingia mwilini mwako.